Nina domeni 41, nimeuza moja tu. Mwezi ujao nizilipie tena au niziachie?

#1 Mtoto wa Kihonda

Wakuu, habari za jioni.

Nimeajiriwa hapa Morogoro, natunza stoo ya vifaa vya ujenzi. Mwaka jana niliona video ya jamaa anaeleza alivyonunua domeni, yaani jina la tovuti, kwa dola 10 akaja kuliuza dola 4,000. Usiku ule sikulala. Nilinunua majina matatu palepale kitandani kwa simu, na ndani ya mwezi mmoja wakati wa ofa nikafikisha 42. Ndiyo maana karibu zote zinaisha muda kwa pamoja.

Hesabu yangu ni hii. Kwa wastani kila jina lilinigharimu dola 6 kwa sababu ya ofa ya mwaka wa kwanza, jumla dola 252. Nimeuza moja kwa dola 400, soko la mtandaoni nilikouzia likakata asilimia 20, nikabaki na 320. Kwa hiyo mpaka leo niko mbele kwa dola 68. Lakini ofa zimeisha. Kulipia mwaka wa pili ni wastani wa dola 14 kwa kila jina, mara 41 ni dola 574. Hiyo ni karibu milioni moja na nusu, na mimi nina mtoto anaingia kidato cha kwanza.

Naomba mnisaidie kuelewa: tatizo ni majina niliyochagua, ni mimi sijui kuuza, au biashara yenyewe kwetu haipo?

#2 Kipanga77

Siti ya mbele. Weka majina hapa tuyaone, bila hivyo tutabuni tu.

#3 Fundi Simu

Mkuu usiachie hata moja. Domeni ni kiwanja. Waliouziwa viwanja Kigamboni kwa bei ya chakula, leo wanaitwa matajiri. Voice.com iliuzwa dola milioni 300! Vumilia.

#4 Bi Sheria

Fundi, ni milioni 30, si 300. Mwaka 2019, kampuni ya MicroStrategy iliiuzia kampuni ya Block.one. Na voice ni neno moja la Kiingereza lenye herufi tano, MicroStrategy walikuwa nalo miaka mingi kabla ya hapo. Ukimpa mtu moyo, mpe na tarakimu sahihi.

Kuhusu kiwanja, mfano unafaa nusu. Ukiwa na hati ya miaka 99, hukosi kiwanja kwa kusahau pango mwezi mmoja. Jina la .com huwezi kulilipia zaidi ya miaka 10 kwa mkupuo, na ukisahau linaanza safari ya kwenda kwa mwingine. Huyu hajamiliki, amepanga.

#5 Mtoto wa Kihonda

Asante Bi Sheria. Haya wakuu, baadhi ni hizi: nunuashambamorogoro.com, kodibajajidar.com, harusiyetunzuri.com. Nina tisa za .xyz na nne za .online ambazo zilikuwa chini ya dola 2. Nyingine ni za Kiingereza, maneno ya sarafu za mtandaoni na akili mnemba. Ile niliyouza ilikuwa maneno mawili mafupi ya Kiswahili kuhusu kahawa, .com. Aliyenunua ni mchoma kahawa wa Ujerumani. Aliniandikia mwenyewe, sikumtafuta.

#6 Kipanga77

Sasa tunaanza kuelewana. Chukua hiyo ya shamba, mpigie mjomba wako simu umtajie mara moja tu, kisha mwambie aiandike. Herufi 19 kabla ya nukta! Atauliza mara tatu, na kama kwao wanabadilisha r na l ndiyo kabisa. Jina zuri halihitaji kurudiwa.

Hizo .xyz na .online ziachie zote, tena leo. Ofa ya mwaka wa kwanza ndiyo chambo chenyewe. Angalia bei ya kulipia mwaka wa pili, utakuta nyingine ni dola 15 mpaka 30. Mimi nilinasa kwenye hilo shimo 2021 na majina 60, usinifuate.

Wazoefu wa hii kazi wanasema ukiuza asilimia 1 au 2 ya majina yako kwa mwaka uko vizuri. Wewe una 41. Kwa hesabu hiyo unauza moja kila mwaka na nusu hivi, ikiwa majina ni mazuri. Ulipata mapema, ikakuaminisha.

#7 Mwanahawa wa Pangani

Mimi si mwekezaji, nauza maziwa, ila nina la kusema kuhusu majina ya Kiswahili. Nilisajili jina la biashara yangu lenye neno ng'ombe. Jina la tovuti halipokei ile alama ya ng'. Linakubali herufi, tarakimu na kistari tu. Kwa hiyo likawa "ngombe". Kwenye ndoo nimeandika kwa usahihi, kwenye tovuti limeandikwa vingine. Mteja mmoja wa hoteli alihangaika siku mbili kunitumia oda, kila akiandika kama ilivyo kwenye ndoo inakataa. Mwisho alinipigia simu. Kabla hujanunua neno, liandike kwanza bila alama uone kama bado linasomeka.

Halafu jamani, mbona mnaandika "domeni"? Neno ni kikoa.

#8 Kipanga77

Dada Mwanahawa, kikoa si kile cha kula kwa zamu, leo kwangu kesho kwako?

#9 Mwanahawa wa Pangani

Ndicho hichohicho. Kula kikoa, watu wanakusanyika. Wataalamu wa kompyuta wakaliazima. Mimi naona linakaa vizuri: eneo moja, watu wake pamoja. Lakini andikeni mnavyotaka, nimeelewa.

#10 Bandarini

Salamu kutoka Mombasa. Nadhani mnamlaumu bure kwa majina. Tatizo ni njia ya hela. Huku sisi tangu 2018 unapokea PayPal halafu unaitoa kwa M-Pesa. Akaunti za PayPal za Tanzania kwa miaka mingi zimekuwa za kutuma tu, hazipokei. Mnunuzi wa Ulaya akiona masharti ya ajabu ajabu anaondoka. Mimi nimeuza .co.ke tatu kwa watu wa hapahapa, wote wamelipa kwa simu, bila mtu wa kati. Bei ndogo, shilingi elfu 15 ya Kenya ndiyo kubwa kuliko zote, lakini hela ilifika siku hiyohiyo.

#11 Mlinzi wa Zamu

Bandarini, njia ya hela ipo hata huku, ni ndefu tu. Nieleze yangu maana ndiyo pekee kubwa niliyowahi kufanya.

Nilikuwa na jina la maneno mawili, moja likiwa safari. Nilikaa nalo miaka minne. Siku moja nikakuta barua pepe ya wakala wa utalii wa Uholanzi, anatoa dola 200. Nilidhani ni tapeli, sikujibu kwa siku tisa. Akaandika tena. Nikamwambia 2,500. Akanyamaza wiki. Tukakubaliana 1,400.

Tulitumia Escrow.com. Yeye anaweka hela kwao, mimi nahamisha jina, yeye anathibitisha kalipata, ndipo wananiachia hela. Walitaka kitambulisho, picha yangu ya kwanza ya pasipoti ilikuwa na ukungu nikapiga tena dirishani mchana. Halafu nikafungua kufuli ya jina nikamtumia namba ya siri ya kuhamishia. Ikakataa. Ikakataa tena. Jumamosi nzima tuko kwenye simu ya video, yule mama wa Kiholanzi na mimi, anasoma herufi moja moja kwenye skrini. Kumbe nilikuwa nimeiandika kwa mkono kwenye daftari kisha nikaichapa, na sifuri nimeifanya herufi O. Nikanakili upya, ikakubali. Kutoka hapo siku tano jina likahama, na hela ikaingia benki siku ya 19 tangu tukubaliane. Benki nayo ikakata yake.

Kwa hiyo ndugu Mtoto wa Kihonda, mimi nasema tatizo ni subira. Miaka minne, mwaka mmoja haujatosha kuhukumu.

#12 Kinyonga

Mlinzi, miaka minne ya kulipia jina moja zuri, hapo nakubali. Miaka minne ya kulipia majina 41 mabaya ni dola zaidi ya 2,200. Usichanganye.

#13 Fundi Simu

Mimi pia kuna mtu aliniandikia anataka jina langu kwa dola 9,000! Ila alitaka kwanza cheti cha thamani ya jina kutoka tovuti fulani, dola 80. Nililipa, kisha hakujibu tena.

#14 Kipanga77

Pole sana Fundi, na asante kwa kulisema wazi. Wengine wasome hapa: huo ni mtego wa zamani sana. Mnunuzi na hiyo tovuti ya vyeti ni mtu mmoja. Mnunuzi wa kweli hajawahi kuhitaji cheti, anajua mwenyewe anataka kulipa ngapi. Ukitaka kujua bei, nenda NameBio, tovuti inayoorodhesha mauzo ya majina, uone majina ya aina yako yameuzwa kiasi gani. Ukikuta hakuna hata moja, hilo nalo ni jibu.

#15 Bi Sheria

Nilitaka kuuliza jambo ambalo hakuna aliyeligusa. Mtoto wa Kihonda, kati ya hayo 41, kuna lenye jina la kampuni, benki, timu au msanii?

#16 Mtoto wa Kihonda

Dada kweli nina mawili. Moja ni jina la kampuni ya simu nimeongezea neno "mkopo". Nilidhani wataninunulia.

#17 Bi Sheria

Hilo achana nalo kabla ya lolote, na usimwandikie mwenye alama ya biashara kumtajia bei. Kuna utaratibu wa migogoro ya majina wa ICANN, shirika linalosimamia majina ya tovuti duniani, unaitwa UDRP, upo tangu 1999. Mlalamikaji anakwenda kwa mfano WIPO, shirika la dunia la miliki bunifu, Geneva, analipa dola 1,500 kwa mwamuzi mmoja na majina yasiyozidi matano, na lazima athibitishe mambo matatu: jina linafanana na alama yake kiasi cha kuchanganya, wewe huna haki nalo, na ulilisajili na kulitumia kwa nia mbaya. Barua yako ya "nipe dola 5,000" ndiyo ushahidi wake wa nia mbaya. Na ukipatikana chini ya sheria ya Marekani, mahakama inaweza kutoza kuanzia dola 1,000 hadi 100,000 kwa jina moja.

Lakini sheria haiko upande wa wakubwa siku zote. Kulikuwa na Mmarekani, jina lake la ukoo Nissan, alikuwa na biashara ya kompyuta North Carolina. Alisajili nissan.com mwaka 1994. Kampuni ya magari ikamshtaki 1999, wakidai dola milioni 10. Alipigana miaka, akatumia mali nyingi, na jina akabaki nalo mpaka anafariki 2020. Alikuwa na haki nalo: ni jina la baba yake. Jina lake la kwanza lilikuwa Uzi.

#18 Kinyonga

Uzi Nissan? Bi Sheria unasema kweli?

#19 Bi Sheria

Kweli kabisa, Uzi. Na huu uzi ungempendeza.

#20 Shamim wa Duka

Samahani, naingia kwa hasira kidogo. Mnaita uwekezaji, mimi nimeuona upande wa pili. Nina duka la vitenge, nimelijenga miaka sita, watu wananijua Instagram. Nilipotaka tovuti nikakuta mtu kasajili jina langu lilelile miezi mitatu nyuma. Akaniambia laki nane. Sikuwa nayo. Nimeongeza neno "duka" mwishoni nikachukua .co.tz, na mpaka leo kuna wateja wanakwenda kwa yule wanakuta ukurasa mtupu. Aliwekeza nini pale? Jasho langu?

#21 Mtoto wa Kihonda

Dada Shamim, pole. Nakuapia sijawahi kufanya hivyo kwa mtu mwenye duka. Hayo mawili niliyosema nimeshayaondoa sokoni usiku huu baada ya kusoma #17.

#22 Bandarini

Shamim ana haki ya kukasirika, lakini tutenganishe. Kuchukua neno "kahawa" ambalo ni la wote si sawa na kuchukua jina la mtu aliyelitafutia wateja. Hata wakubwa wanagombana juu ya maneno yetu. Disney walisajili Hakuna Matata kama alama ya biashara Marekani, na 2018 watu wakakusanya saini kulalamika. Na ule mchezo wa vipande vya mbao, Jenga, aliyeutoa 1983 ni Mwingereza aliyekulia Afrika Mashariki, akachukua neno letu la kujenga. Watu wa nje wanayapenda maneno ya Kiswahili: mafupi, yanaishia na irabu, yanatamkika popote. Ndiyo maana Mjerumani kamnunulia kijana la kahawa. Labda soko la Kiswahili ni nje kuliko ndani.

#23 Mlinzi wa Zamu

Hapo umegusa penyewe. Ndani mfanyabiashara anakuambia ana Instagram na namba ya WhatsApp, tovuti ya nini. Siyo kwamba hana hela, haioni kazi yake.

#24 Kinyonga

Mimi nina mtazamo tofauti kabisa. Anayekula kwa uhakika kwenye hii biashara ni mwenye daftari, yaani kampuni inayotunza orodha ya majina yote. Kila .com duniani, Verisign wanapokea dola 10.26 kwa mwaka, bei ya tangu Septemba 2024, ukiuza usiuze. Ilikuwa 7.85 kwa miaka mingi mpaka 2021, ikawa inapanda. Halafu anakuja msajili wako, kampuni uliyonunulia jina, anaweka yake juu. Sisi tunabeba hatari, wao wanabeba hela. Tazameni Anguilla, kisiwa cha watu kama elfu 16, herufi zao za nchi ni .ai. Akili mnemba, ambayo kwa Kiingereza hufupishwa AI, ilipolipuka, mwaka 2023 majina hayo yaliingizia serikali yao dola milioni 32 hivi. Hawakununua jina hata moja. Tuvalu, nchi ya visiwa vya Pasifiki, nao na .tv yao vivyo hivyo.

#25 Fundi Simu

Kwa hiyo ninunue .ai?

#26 Kinyonga

Fundi! .ai lazima ulipie miaka miwili kwa pamoja, na ni zaidi ya dola 100. Tulia kwanza.

#27 Mama Lodge

Nimesoma yote. Mimi na mume wangu tuna njia nyingine, hatuuzi jina tupu. Tulikuwa na jina la eneo moja la pwani pamoja na neno la malazi. Tumekaa nalo mwaka mzima bila hata salamu. Mume wangu akatengeneza ukurasa mmoja, picha tano, ramani, namba ya simu. Miezi sita baadaye watu wanapiga kuulizia vyumba. Tukamfuata mwenye nyumba ya wageni, tukamkodisha tovuti kwa elfu 60 kwa mwezi. Anaona simu zinaingia, analipa bila kusukumwa. Kiwanja mnachosema, jenga hata banda la mabati juu yake ndipo mpangaji aje.

#28 Kipanga77

Mama Lodge, hiyo ni biashara ya tovuti, si ya majina. Ni nzuri, lakini ni kazi ya kila wiki. Wengi walikuja huku wakitafuta hela inayoingia wakiwa wamelala. Zamani ulikuwa unaegesha jina, linaonyesha matangazo, unapata senti. Siku hizi Google wamebana matangazo kwenye kurasa tupu, hizo senti zenyewe hazipo.

#29 Mtoto wa Kihonda

Swali moja la kiufundi. Nikiziachia, zinapotea siku ileile? Nikijuta je?

#30 Kinyonga

Kwa .com haipotei siku hiyo. Muda ukiisha tovuti na barua pepe zinazimika, lakini kampuni nyingi zinakupa mpaka siku 45 kulipia kwa bei ya kawaida. Inategemea kampuni, soma masharti yao. Zikipita, kuna siku 30 za kulikomboa kwa faini, mara nyingi dola 80 na zaidi. Kisha siku tano za mwisho, huwezi kufanya kitu, halafu linaachiwa kwa yeyote. .tz ina ratiba yake, usiichanganye na hii.

#31 Bi Sheria

Nyongeza kwa Kinyonga: jina likiwa na thamani halifiki huko. Msajili analipeleka mnadani kabla ya kulifuta. Kwa hiyo usitegemee kulisubiri mlangoni.

Na wakubwa nao husahau. Mwaka 2015 google.com yenyewe ilionekana inauzwa dola 12, Sanmay Ved akainunua, akakaa nayo dakika moja. Google wakampa dola 6,006.13, ukiisoma vizuri inaandika Google. Alipotaka iende kwenye hisani wakaizidisha mara mbili.

#32 Shamim wa Duka

Kwenye #31 si kusahau, Bi Sheria. Haikuwa imeisha muda, mfumo wao wenyewe ndio uliikubali oda. Nilisoma habari yake.

#33 Bi Sheria

Uko sahihi Shamim, nimekosea kuiweka hapo. Asante.

#34 Mtoto wa Kihonda

Wakuu, nimekaa na daftari tangu jana. Nimeandika kila jina peke yake, nikampigia mjomba wa Kilosa kama Kipanga alivyosema. Nilimtajia 28, maana .xyz na .online nimezifuta kwenye orodha bila kumsumbua. Aliandika sawasawa 11. Kati ya hizo 11, mbili ndizo zile za alama za watu, zinaondoka. Zimebaki tisa. Tisa mara 14 ni dola 126. Hiyo naweza bila kugusa ada ya mtoto.

Sijajua bado kama tatizo ni subira kama anavyosema Mlinzi, au hela kama Bandarini, au kwamba wanunuzi wako nje. Kwa hizo tisa nitatengeneza ukurasa kwa mbili nione kama Mama Lodge. Nyingine saba nitaziweka sokoni kwa bei iliyoandikwa.

#35 Kipanga77

Mjomba apewe asilimia yake. Ipi iliyokuuma zaidi kuiachia?

#36 Mtoto wa Kihonda

Ya bajaji. Mjomba aliandika "kotibajajidal".

#37 Dereva wa Tabata

Nimekuwa nasoma kimyakimya tangu mwanzo. Hiyo ya bajaji kama unaiachia, kabla haijaisha muda naomba unipe mimi. Nina bajaji nne, vijana wanapeleka hesabu kila jioni, na wateja wa kukodi kwa siku wanaongezeka. Sina kadi ya benki ya kununulia mtandaoni, naweza kulipa kwa simu. Ni shilingi ngapi, na hiyo kuhamisha naanzia wapi?

#38 Mtoto wa Kihonda

Kaka njoo kwenye ujumbe binafsi. Fungua kwanza akaunti kampuni ileile ninayotumia, ni bure, tutalisukuma kutoka kwangu kwenda kwako humohumo bila ile namba ya siri. Bei tutaongea kwa simu.

#39 Mwanahawa wa Pangani

Dereva, mkimaliza rudi hapa utuambie. Na mimi nina "ngombe" yangu, kama kuna anayeitaka.